Miguu ya Mwanachama Mzee: Nguvu za Misuli na Uwezo wa Kutembea

Katika vyama vingi vya msingi vya kahawa kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, daftari la wanachama lingali na majina ya watu walioanza kupeleka kahawa yao mizanini kabla ya mwaka 1976, mwaka ambao vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini Tanzania, na ambao walirudi kuandikishwa upya vyama hivyo vilipofufuliwa katika miaka ya 1980. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 22 wakati ule sasa amevuka 70. Hisa zake zipo, kitabu chake cha malipo kipo, na mibuni yake, ijapokuwa imezeeka pamoja naye, ingali inazaa. Kilichobadilika ni safari ya kutoka kihambani hadi chamani. Njia ni ile ile, lakini imekuwa ndefu.

Mabadiliko hayo huingia polepole, kwa hatua ambazo karani mwangalifu anaweza kuzisoma katika vitabu vyake bila hata kumwona mwenyewe. Kwanza mwanachama humtuma mjukuu na gunia, naye hufuata nyuma mikono mitupu. Msimu unaofuata mjukuu huja peke yake. Kisha mzee hukosa mkutano wa kawaida wa wanachama, halafu hukosa Mkutano Mkuu wa mwaka, na katika daftari la mahudhurio huandikwa neno moja tu, "udhuru". Hatimaye mambo ya mikopo ya pembejeo, ya bei na ya ghala huamuliwa na watu ambao wengi wao hawakuwapo siku ghala lile lilipojengwa. Mjukuu anaweza kubeba gunia, lakini hawezi kubeba kura, wala kumbukumbu ya miaka hamsini.

Akiulizwa sababu, mzee hujibu kuwa ni uzee tu, na watoto wake husema vivyo hivyo. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Umri hupunguza nguvu za misuli ya kila binadamu, na haijapatikana dawa ya kuuzuia. Lakini sehemu kubwa ya udhaifu wa miguu unaoitwa uzee hutokana na misuli kutotumika, na msuli uliolala unaweza kufundishwa upya hata kwa mtu aliyefikia miaka 90. Jambo hili limekwisha kupimwa kwa mizani, kwa saa na kwa picha za ndani ya mwili, na wanachama wanastahili kulielewa vizuri.

Misuli inayombeba mtu

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600, lakini kazi ya kusimama na kutembea huwaelemea wafanyakazi wachache. Msuli mkubwa wa mbele ya paja hunyosha goti, nao ndio unaomwinua mtu kutoka kitini na kumpandisha ngazi. Misuli ya matako humsimamisha wima na kumsukuma mbele. Ile ya pembeni ya nyonga huzuia kiwiliwili kisilale upande mmoja wakati mguu mwingine uko hewani. Kigimbi, yaani ile nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti, huusukuma mwili kila kisigino kinapoinuka. Na msuli mwembamba wa mbele ya muundi huinua ncha ya mguu ili kidole kisijikwae kwenye jiwe au mzizi.

Mkulima wa mlimani hana budi kuelewa jambo moja zaidi. Wakati wa kupanda, msuli wa paja hujikunja na kuinua mzigo. Wakati wa kuteremka, msuli huo huo hufanya kazi ya breki: hurefuka huku ukikaza, ili goti lisikunjike ghafula chini ya uzito wa mwili. Ndiyo maana wazee wengi hulalamikia mteremko kuliko mpando. Mpando humtoa mtu pumzi, naye akichoka husimama akapumzika. Mteremko haumpi nafasi hiyo. Breki ikilegea, mtu huanguka.

Kila msuli umeundwa kwa maelfu ya nyuzi. Zipo nyuzi za polepole, ambazo hazina nguvu nyingi lakini hustahimili kazi ya muda mrefu, kama vile kusimama au kutembea taratibu. Zipo nyuzi za haraka, ambazo huchoka upesi lakini hutoa nguvu kubwa kwa kipindi kifupi: kuruka mfereji, kuinuka kwa mara moja, kujidaka mguu unapoteleza. Umri huzipunguza hasa hizi nyuzi za haraka. Kwa hiyo mzee anaweza kutembea kwenye barabara tambarare mwendo wa saa nzima bila shida, kisha akashindwa kujizuia mara moja tu anapojikwaa kwenye kizingiti. Watu hushangaa na kusema amerogwa au amezungukwa na kizunguzungu, kumbe nyuzi za kumdaka hazikufika kwa wakati.

Tena msuli haufanyi kazi bila amri. Amri hutoka kwenye ubongo, hupita kwenye uti wa mgongo na kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye nyuzi. Baadhi ya mishipa hiyo hufa kadiri miaka inavyopita, na nyuzi zilizokuwa chini yake hubaki kama wakulima wasio na chama. Nyingine hupokelewa na mishipa jirani, nyingine hukonda na kupotea. Hii ni sababu mojawapo kwa nini nguvu hupungua upesi zaidi kuliko unene wa mguu. Kwa watu wenye umri wa miaka 75 hivi, vipimo vimeonyesha kwamba nyama ya misuli hupungua kwa kiasi kisichofika asilimia 1 kila mwaka, wakati nguvu zenyewe hupungua kwa asilimia 2.5 hadi 4. Mguu unaweza kuonekana mnene vilevile na usiwe na nguvu za jana.

Hali hii ilipewa jina la kitaalamu la sarkopenia mwaka 1989 na Irwin Rosenberg, mtaalamu wa lishe wa Marekani, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya nyama na upungufu. Inashangaza kwamba upungufu unaompata kila mtu anayeishi muda mrefu ulikaa bila jina hadi wakati huo. Labda ni kwa sababu ulionekana kuwa jambo la kawaida mno.

Hasara ya kulazwa na hasara ya kuheshimiwa

Misuli haitunzwi na mwili bila sababu. Mwili huivunja na kuijenga kila siku, na hujenga kwa kadiri ya kazi inayodaiwa. Kazi ikikoma, ujenzi hupungua mara moja. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani, ambamo watu wenye afya njema, wenye wastani wa umri wa miaka 67, walikubali kukaa kitandani kwa siku 10 tu. Katika muda huo mfupi walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni, na nguvu za kunyosha goti zikashuka kwa takriban asilimia 16. Watu hawa hawakuwa wagonjwa. Mtu aliyelazwa kwa malaria kali au nimonia hupata hasara hiyo na zaidi, kwa kuwa ugonjwa wenyewe nao huila misuli.

Familia nyingi humjua mzee aliyeingia hospitali akitembea kwa miguu yake, akapona ugonjwa uliompeleka, lakini akarudi nyumbani akiwa hawezi kufika hata chooni bila kushikwa. Husemwa kwamba ugonjwa umemmaliza. Mara nyingi kilichommaliza ni kitanda. Mgonjwa ambaye daktari hajamkataza kuinuka anapaswa kukaa kitini wakati wa kula, kusimama mara kadhaa kwa siku, na kutembea hatua chache wodini akiwa na mtu pembeni, kuanzia siku ya kwanza anayoweza.

Kuna hasara nyingine ambayo haitokani na ugonjwa bali na adabu njema. Mwana aliyelelewa vizuri hawezi kumwona mama yake mwenye miaka 72 akibeba ndoo ya maji au mzigo wa majani ya ng'ombe, akanyamaza. Humpokea. Kesho humwambia, "Mama, kaa, wajukuu wapo." Hununuliwa kiti kizuri chenye mito, kikawekwa barazani, chakula huletwa hapo, maji ya kunawa huletwa hapo, na bibi hupewa fimbo ya kuwafukuzia kuku. Jirani wote husifu nyumba hiyo, na kweli inastahili sifa. Lakini misuli ya bibi haijui maana ya heshima. Inajua tu kwamba kazi imekwisha. Baada ya misimu miwili, kutoka kwenye kiti kile kizuri kunahitaji watu wawili.

Si haki kuwalaumu watoto hao, wala haishauriwi kwamba wazee wabebeshwe magunia. Inashauriwa tu kwamba kazi ipimwe badala ya kuondolewa. Ndoo ya lita 20 iwe ya lita 5. Mzigo wa majani uwe nusu. Safari ya kisimani ibaki. Mzee aachiwe kuinuka mwenyewe, hata kama anachukua muda, na mkono wa kumsaidia uwe karibu bila kumshika.

Walioanza katika umri wa miaka 90

Mnamo mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitoa taarifa iliyowafanya waganga wengi wabadili mawazo. Katika nyumba moja ya kutunzia wazee mjini Boston, Marekani, walichagua wazee 10 dhaifu wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Wengi wao walikuwa na maradhi zaidi ya moja. Kwa wiki 8 waliwafundisha kuinua uzito kwa miguu, tena si uzito wa kuchezea: waliwapa asilimia 80 hivi ya mzigo mkubwa kabisa ambao kila mmoja aliweza kuuinua mara moja, wakiuongeza kadiri nguvu zilivyoongezeka. Tisa walimaliza mafunzo. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, nyama ya paja iliongezeka kwa asilimia 9, na wawili waliacha kutumia bakora. Mafunzo yaliposimamishwa kwa wiki 4, karibu theluthi moja ya nguvu ilipotea tena.

Takwimu hizo mbili za kwanza zikilinganishwa, jambo moja hudhihirika. Nyama iliongezeka kidogo, nguvu zikaongezeka sana. Sehemu kubwa ya faida ya mwanzo hutoka kwenye mishipa ya fahamu, ambayo hujifunza tena kuziamrisha nyuzi nyingi kwa pamoja. Hii ndiyo sababu mzee anaweza kuona nafuu katika wiki chache, kabla mguu haujanenepa hata kidogo, na ndiyo sababu hapaswi kukata tamaa akijitazama mapajani.

Mwaka 1994 wataalamu hao walirudia kazi hiyo kwa wazee 100 wenye wastani wa umri wa miaka 87, kwa wiki 10. Nguvu ziliongezeka kwa asilimia 113, mwendo wa kutembea kwa asilimia 11.8, na nguvu ya kupanda ngazi kwa asilimia 28.4. Wengine walipewa kinywaji cha lishe ya ziada bila mazoezi, nao hawakupata nguvu. Chakula bila kazi hakikujenga kitu.

Halafu, mwaka 2014, yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa zaidi la Marekani lililohusisha watu 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89, ambao walikuwa wakikaa muda mwingi bila shughuli. Nusu yao walitembea na kufanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara; nusu nyingine walipewa mafunzo ya afya kwa maneno tu. Baada ya miaka 2.6 kwa wastani, walioshindwa kutembea mita 400 walikuwa asilimia 30.1 katika kundi la kwanza na asilimia 35.5 katika kundi la pili. Tofauti hiyo si muujiza. Ni kama watu 5 katika kila 100 walioendelea kwenda watakako kwa miguu yao, na kwa chama chenye wanachama wazee 200 hao ni watu 10 waliobaki na uwezo wa kufika mkutanoni.

Mkulima anaposema tayari anafanya kazi

Wanachama wengi watajibu kwamba maneno haya yanawafaa watu wa mijini, kwa maana mkulima amefanya mazoezi tangu utoto. Hoja hiyo ina uzito. Tanzania yenyewe inatoa ushahidi wake. Miongoni mwa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, watafiti akiwemo Kristen Hawkes waliandika mwaka 1989 juu ya bibi wazee wanaochimba mizizi ya kuliwa kwa bidii inayowashinda hata wanawake vijana. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha kwamba Wahadzabe hutumia wastani wa dakika 135 kwa siku katika kazi za kutoa jasho, na kwamba kiasi hicho hakishuki sana umri unapoongezeka. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2020 ukagundua jambo la ajabu zaidi: Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda unaokaribiana na ule wa watu wa nchi za viwanda. Tofauti ni kwamba hupumzika mara nyingi wakiwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, na katika hali hiyo misuli ya miguu huendelea kufanya kazi ndogo ndogo. Kiti chenye mito huizima kabisa.

Lakini mkulima mzee wa leo hafanyi tena kazi za ujana wake. Magunia hubebwa na pikipiki, majani hukatwa na kibarua, na yeye hubaki kupogoa, kupanga na kuamrisha. Tena kazi yenyewe huzoeleka. Msuli huongezeka nguvu pale tu unapodaiwa zaidi kidogo ya desturi yake; kazi ile ile iliyozoeleka huutunza kwa kiasi fulani lakini haiuongezi. Vivyo hivyo kutembea. Matembezi ya kila siku ni mema kwa moyo, kwa pumzi na kwa sukari ya damu, wala hapana sababu ya kuyaacha. Hata hivyo kutembea peke yake hakumrudishii mtu nguvu za kuinuka kitini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwashauri watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, na pamoja na hizo mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2, na mazoezi ya nguvu na usawa wa mwili siku 3 au zaidi.

Namna ya kupima

Ushirika umezoea kupima kahawa kwa uangalifu, hata nusu kilo ikizua ubishi mbele ya mizani. Miguu nayo ina mizani yake, tena rahisi. Mwanachama akae kwenye kiti au benchi imara lisilo chini mno, mikono aikunje kifuani, kisha ainuke wima na kukaa mara 5 mfululizo bila kujisukuma kwa mikono. Wataalamu wa Ulaya waliokutana juu ya suala hili na kutoa mapendekezo mwaka 2019 waliweka mpaka wa sekunde 15. Anayepita muda huo, au asiyeweza kabisa kuinuka bila mikono, ana misuli dhaifu.

Kipimo cha pili ni mwendo. Kamba ya mita 4 inyoshwe juu ya sakafu iliyo tambarare. Mzee aanze hatua mbili tatu nyuma ya mstari, atembee kwa mwendo wake wa kawaida, akiwa na bakora ikiwa huitumia, na saa ihesabu kutoka mwanzo wa kamba hadi mwisho wake. Anayetumia sekunde 5 au zaidi ana mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde au chini, nao unahesabiwa kuwa dalili ya hatari. Mwaka 2011 kumbukumbu za watu 34,485 kutoka chunguzi 9 zilipowekwa pamoja, ilionekana kwamba mwendo wa kutembea huashiria muda wa kuishi: waliotembea upesi zaidi waliishi muda mrefu zaidi. Haimaanishi kwamba kukimbia-kimbia mbele ya karani kutaongeza umri wa mtu. Mwendo hukusanya habari za moyo, mapafu, mishipa ya fahamu, viungo na misuli, kisha huzitoa katika tarakimu moja.

Mazoezi ya barazani

Zoezi la kwanza ndilo lile la kipimo: kuinuka na kukaa. Asiyeweza bila mikono aanze na kiti kirefu, au aongeze mto uliokazwa juu ya benchi, na ajisukume kwa mikono kidogo. Ainuke mara 8 hadi 12, apumzike dakika mbili, arudie tena. Kukaa kufanywe polepole, kwa hesabu ya nne, kwa maana hapo ndipo breki ya mteremko inapofundishwa. Likiwa jepesi, mto uondolewe. Likizidi kuwa jepesi, akumbatie mfuko wa kilo 2 za unga, kisha 5.

La pili ni kuinuka kwa vidole vya miguu huku mikono imeshika nguzo au ukuta, kwa ajili ya kigimbi. La tatu ni kupanda na kushuka kidaraja kimoja cha baraza, mguu mmoja kwanza kisha mwingine. La nne ni kukaa kitini na kunyosha goti hadi mguu uwe sawasawa, na kifuko cha mchanga cha kilo 1 kimefungwa kwenye kifundo. Mwisho ni usawa wa mwili: kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kwa sekunde 10, ukuta ukiwa karibu. Siku 2 au 3 kwa wiki zatosha, zikiachana kwa siku moja ili misuli ijengwe.

Kipimo cha uzito unaofaa ni kwamba mara mbili za mwisho ziwe ngumu. Anayemaliza mara 12 akipiga soga hajengi kitu. Pumzi isibanwe, mwenye kuhesabu kwa sauti hawezi kuibana. Maumivu kidogo ya nyama siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu makali ya goti si ya kawaida, nayo hudai mzigo upunguzwe, ingawa mwenye ugonjwa wa viungo vya magoti naye hufaidika kwa paja lenye nguvu.

Faida nyingine ni kupungua kwa kuanguka. Kila mwaka karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye umri wa miaka 65 na zaidi huanguka, na nyonga ikivunjika, wengi hawarudii mwendo wao wa awali. Majaribio 108 yaliyokusanywa na kuchambuliwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa asilimia 23 hivi. Kwa upande wa nyumbani, kandambili zilizolika, njia ya chooni isiyo na taa na mtoto wa jicho asiyetibiwa huangusha wazee wengi ambao misuli yao haina kosa. Kadhalika pombe, hata ile ya kienyeji inayohesabiwa kuwa chakula.

Sahani ya mzee

Mazoezi hudai vifaa vya ujenzi, navyo ni protini. Wazee wengi hula sahani ya ndizi au ya ugali iliyojaa, wakashiba, na bado wakapungukiwa. Ndizi mbichi gramu 100 zina protini isiyozidi gramu 2. Wataalamu wa lishe hushauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa au mtindi gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Kwa hiyo kiburu, ambamo ndizi hupondwa pamoja na maharage, kinamfaa mzee kuliko ndizi tupu, na mtori wenye nyama nyingi kuliko mtori wenye harufu ya nyama. Dagaa ni rahisi kutafuna kwa asiye na meno wakisagwa. Inafaa protini igawanywe katika milo yote, badala ya kusubiri chakula cha jioni. Mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri wa mganga wake.

Udhaifu usio wa misuli peke yake

Si kila udhaifu hutibiwa barazani. Miguu ikilegea ghafula, hasa ya upande mmoja, au mdomo ukipinda, hiyo yaweza kuwa kiharusi na mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Anayekonda bila sababu, anayekohoa kwa wiki mbili, anayekojoa mara kwa mara na kuwa na kiu isiyoisha, au anayehisi ganzi nyayoni, achunguzwe kifua kikuu, kisukari na mengineyo. Anayeshikwa na maumivu ya kifua au kukatika pumzi asianze mazoezi kabla ya kupimwa. Anayeona giza kila anapoinuka aeleze dawa anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za usingizi huleta hali hiyo.

Bakora nayo ina kanuni yake. Hushikwa kwa mkono ulio kinyume cha mguu mbovu, na kichwa chake kifike kwenye kifundo cha mkono wakati mkono umening'inia. Bakora nyingi za vijijini ni ndefu kupita kiasi, tena hushikwa upande usiofaa.

Kwa upande wa vyama vya msingi, lipo jambo ambalo halihitaji kusubiri bajeti ya mwaka. Mahali pengi pa kupimia kahawa hapana pa kukaa isipokuwa juu ya magunia, na ngazi za ofisi hazina mahali pa kushika. Benchi lenye urefu wa sentimita 45 kutoka sakafuni, lenye kiegemeo, na bomba moja la chuma kando ya ngazi ni kazi ya fundi wa kijijini kwa siku moja. Kamba ya mita 4 na saa ya mkononi vinaweza kukaa katika ghala lile lile pamoja na mawe ya mizani. Mzee anayependa apimwe mwanzoni mwa msimu na mwishoni mwake, matokeo yaandikwe katika daftari dogo ambalo karani hatalisoma kwa sauti mbele ya wengine, naye apewe nakala ya tarakimu zake aende nazo nyumbani kama anavyopewa stakabadhi ya kahawa yake.